Mahali Ambapo Jina Lako Halikusomwa

Wafula mwanangu,

Nyumba imetulia. Wewe na dada yako Nekesa mmekwenda soko la Burma kutafuta nyama ya wageni wa jioni, na najua mtakawia, kwa sababu kila muuza nyama pale atataka kukushika mabega na kukuuliza kama ni kweli Wamarekani wanakulipa ili uangushe watu. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimeketi kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na kando yangu ipo ile glasi ambayo Nekesa ameichora mstari kwa rangi ya kucha. Maji yangu ya siku yanafika kwenye mstari, hayapiti. Moyo hauwezi tena kusukuma zaidi ya hapo. Mwandiko wangu nao umeharibika, utanivumilia. Nilisahihisha mwandiko wako tangu ukiwa mdogo. Leo ni zamu yako.

Sitaandika habari za koti, wala za kupiga simu, wala za kanisa. Hayo Nekesa ameshakwambia, tena kuliko unavyopenda.

Nataka kuzungumza juu ya uliyoyasema langoni juzi. Hukujua kwamba dirisha lilikuwa wazi. Yule rafiki yako Brayo alikuja na pikipiki yake, hata hakuizima vizuri, akakuuliza, "Niaje Wafu. Si ulikuwa unaishia Marekani wiki hii?"

Ukamjibu, "Sijui, bro. Mzee hako poa. Nitawashow hao wasee wa timu wanipe wiki kadhaa."

"Na watakungoja?"

"Watangoja."

"Wakungoje wewe? Hata jamaa wa kuchoma mutura pale steji hakungojangi. Ukichelewa kidogo, kipande yako ashauzia mwingine."

Mlicheka, na mimi huku ndani nikacheka, maana kijana huyo angefaa kuwa mwalimu. Kisha ukashusha sauti. Ukasema, "Huyu mzee ndiye aliniona kabla ya mtu yeyote. Bila yeye singejua kuangusha hata mbuzi. Siwezi muacha akiwa hivi."

Nikafunga dirisha. Hapakuwa na baridi.

Brayo alisema kweli, na wewe unajua alisema kweli. Wewe si mchezaji ambaye timu itamsubiri. Siku ile timu za mpira wa Kimarekani zilipochagua wachezaji wapya, tulikaa na simu mpaka betri ikaisha na hakuna aliyelitaja jina lako. Nani angelitaja? Ulitoka chuo kidogo kilichozungukwa na mahindi, chuo ambacho hata Wamarekani wenyewe wakikisikia huuliza kiko jimbo gani. Ukaitwa kwa majaribio tu. Ukakaa katika kikosi cha mazoezi ukiwa kama gunia la kugongwa na wenye majina, mpaka mlinzi mmoja akaumia, ukaingia, ukakaa. Sasa wamekupa mkataba wako wa kwanza wa kweli, na kambi ya mazoezi inafunguliwa. Usipokuwepo, pana kijana mwingine mwenye mabega kama yako amesimama mlangoni, na yeye babake hana glasi yenye mstari.

Unataka kubaki kwa sababu unaamini una deni kwangu. Ndiyo maana naandika. Deni hilo halipo, Wafula. Katika nyumba hii anayejua halipo ni mimi peke yangu tangu mama yako atutoke, na yeye hakuacha kuniuliza, "Utamwambia lini?" Leo, mama Nekesa. Nimechelewa, lakini leo.

Nianze na baba yako mdogo Simiyu, kwa sababu bila yeye utaniona mkatili tu, na mimi ningependa unione mwoga pia.

Simiyu alicheza kandanda. Kiwanda kimoja cha Industrial Area kilimwajiri kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Kwenye karatasi alikuwa mtu wa stoo, lakini stoo yenyewe hakuijua mlango wake uko wapi. Alipofunga bao, mameneja walimnunulia nguo. Goti likavunjika. Wakamwonyesha mlango wa stoo, akafanya kazi huko muda mfupi, kisha wakamwonyesha mlango wa nje. Wewe unamkumbuka akiwa mtu wa kukaa pale Burma kwenye benchi la kinyozi, akichechemea kwenda kuomba mchuzi, akisimulia mabao yake kwa watu waliokuwa hawajazaliwa. Ulikuwa ukimcheka, na sikukukataza. Mimi nilimwosha alipokufa. Goti lile lilikuwa kama kiazi.

Kwa hiyo ulipoingia kidato cha pili na kuanza kukimbia na mpira wa raga, mimi sikuona wewe. Niliona goti.

Nilikuwa nikisahihisha madaftari kwenye darasa la juu linalotazama uwanja. Uwanja ule haukuwa na nyasi, unaujua, ulikuwa udongo mwekundu na changarawe, na ulipokimbia pembeni kabisa ya mstari, vumbi liliinuka nyuma yako kama umewasha moto. Hakuna aliyekufikia. Wavulana walipiga mabati ya ukuta kwa mikono wakiimba jina lako. Na kila Jumatatu kwenye gwaride la asubuhi, mwalimu wa michezo alisoma majina ya waliofunga trai, na shule nzima ikapiga makofi. Wafula. Jumatatu iliyofuata, Wafula. Walimu wenzangu wakanigeukia wakitabasamu, nami nikatabasamu. Jina la Simiyu nalo lilikuwa likisomwa hivyo hivyo.

Ningeweza kukwambia. Hilo ndilo ninaloliona sasa kila nikifumba macho. Tulikuwa tukitembea pamoja kwenda shule na kurudi, mimi na mkoba, wewe na viatu vyako vimening'inia shingoni. Ningesema tu, "Papa, naogopa." Nilikuita papa, yaani baba, kwa sababu unalo jina la baba yangu, lakini sikuwahi kuongea na wewe kama mtu anayeongea na baba yake. Niliongea na wewe kama mwalimu.

Badala yake nilikwenda kwa Mwalimu Okoth, aliyekuwa akisimamia raga. Tulikuwa peke yetu kwenye chumba cha walimu. Nikamwambia amtoe kijana wangu kwenye timu, na asiseme ni mimi niliyetaka.

Akanitazama akiwa na kikombe mkononi. "Mwalimu, kumtoa siwezi. Wavulana watanila mimi."

"Basi mpunguze."

"Nimpunguze vipi? Huyu si sukari."

"Asitajwe tajwe kila Jumatatu. Kichwa chake kinajaa."

Alifikiri kidogo. Kisha akasema anaweza kukuweka mbele, kwa wanaokaba. Huko hutapata mpira, kazi yako itakuwa ni kuwaangusha wenye mpira tu, na kwenye gwaride anayekaba hasomwi. Nikasema hivyo ndivyo. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini ujue, huko mbele ataumia zaidi. Yeye bado ni mwembamba."

Nilijibu, nakumbuka kila neno, "Akiumia kidogo ataacha mwenyewe."

Hilo ndilo. Kurasa zote hizi ni za kukufikisha kwenye sentensi hiyo. Baba yako alitaka uumie kidogo.

Jioni ya siku Okoth alipokuhamishia mbele, ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya nyuma, kule kwenye nyumba yetu ya zamani ya mtaa wa Jericho, na hukutaka chai. Mama yako akanituma nje. Ukaniuliza, "Baba, mimi ni mbaya na mpira?" Ulikuwa umelia, ukajifuta kwa soksi. Nami nikakaa karibu yako na kukwambia kwamba Mwalimu Okoth ameona kipaji chako cha kukaba, kwamba mimi pia nimekiona siku nyingi, kwamba kufunga kila mtu anaweza lakini kukaba kunataka mtu. Niliyatunga pale pale. Sikujua hata maana ya kukaba. Nilikuwa nazuia tu usiende kumwuliza Okoth.

Na wewe uliniamini. Ulikunywa chai.

Maneno yale ndiyo uliyoyasema redioni ulipohojiwa chuoni, na yule mtangazaji akasema una baba mwenye busara. Maneno yale ndiyo uliyomwambia Brayo langoni. Umejenga nyumba nzima juu ya uongo wa dakika mbili, mwanangu, na nyumba imesimama, na mimi nimekuwa nikiishi ndani yake kama mgeni wa heshima.

Hukuacha. Ulirudi umevimba mdomo, umechunika magoti, na hukuacha. Nilingoja. Muhula ukaisha. Ukaanza kula ugali kama watu wawili, shingo ikanenepa. Siku moja mvulana wa shule nyingine, mkubwa kuliko mimi, alikuja mbio na mpira, nikakuona ukimwendea chini chini, bega likaingia, akapaa. Wavulana wakapiga kelele, "Amemlaza! Amemlaza!" Nikiwa kule juu nilisimama, kalamu nyekundu ikaanguka. Jumatatu jina lako halikusomwa. Ulisimama kwenye mstari wa darasa lako ukipigia makofi wengine, na uso wako ulikuwa umetulia kabisa. Siku ile nilianza kukuogopa kwa namna nyingine, kama mtu anavyomwogopa aliye bora kuliko yeye.

Usinijibu kwamba yote yaligeuka mema. Najua ndivyo utakavyosema, una moyo wa mama yako. Ni kweli yule kocha Mmarekani aliyekuja kutazama mashindano hakuja kwa ajili ya waliofunga. Alitaka kijana wa kuangusha watu, akakuona, akakupeleka kwenye chuo chake cha mahindi na kukuvisha helmeti. Kama ungebaki pembeni na mpira wako, pengine leo ungekuwa karani mahali. Lakini mimi sikupanga hayo. Mimi nilipanga goti lako lichoke. Yaliyotokea ni yako, si yangu, na nataka uyabebe ukijua hivyo.

Mchezo wenu nilijifunza uzeeni. Nekesa alinifundisha kwa chupa za dawa juu ya sinia. Chupa ya dawa ya kikohozi ilikuwa yule mwenye kurusha mpira, vidonge vya presha vilikuwa watu wanaomlinda, na wewe ulikuwa kile kichupa cheusi cha matone ya macho. Akisogeza chupa ananiuliza, "Sasa Wafula anafanya nini?" Nikajibu, "Anamtafuta mwenye mpira." "Akimpata?" "Anamlaza." Basi, nikafuzu. Tulikutazama kwenye simu yake, picha ikikwama ukiwa hewani.

Nilichokuwa nikikiona, ambacho Nekesa hakukiona, ni kwamba mechi nzima hushiki mpira. Watu wazima wanaupigania, unapita juu ya kichwa chako, unapita kando yako, na wewe hushughuliki nao, unashughulika na mtu. Kila mechi nilijiambia, ni mimi niliyemfundisha mikono yake kukaa mitupu.

Kisha ile mechi ya mvua. Unaikumbuka. Aliyerusha aliteleza, mpira ukatoka umelegea, na wewe ulikuwa pale, ukaudaka. Kwa kitambo ulisimama kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Halafu ukakimbia. Nekesa aliruka akapindua sinia, chupa zote chini. Mimi sikuruka. Nilikiona kile kichwa ulichokuwa ukikiinamisha kidogo upande wa kushoto, kile kile cha kidato cha pili, vumbi lilipokuwa likiinuka nyuma yako. Hakuna aliyekufikia. Ulipofika mwisho hukurusha mpira chini kama wanavyofanya wengine. Uliukumbatia. Wenzako wakaja kukurukia, wewe ukawa bado umeukumbatia.

Nililia, Wafula. Nekesa akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia, lakini haikuwa furaha tu.

Tangu siku hiyo nimetaka kukwambia, na kila ulipopiga simu ukauliza, "Baba, uko poa?" nikasema niko poa. Nisingependa uige hilo. Mengine yangu sikatai, hata hasira zangu za kuhusu sarufi. Ila usije ukamtuma mtu mwingine afanye jambo ambalo huwezi kulifanya ukitazamana na mwenye nalo. Kosa la mikono yako mwenyewe unaweza kulirudia ukalirekebisha. Ukilipitisha kwa mtu mwingine linakuwa halina mlango. Okoth alistaafu akarudi kwao, nami hata yeye sikumtazama vizuri tena.

Na utakapokuwa na mtoto, ukimwogopea, mwambie unaogopa. Hofu ya baba ikisemwa ni kitu cha kawaida tu, kama kikohozi. Isiposemwa huanza kutoa amri.

Watakuondoa siku moja. Nalisema kwa utulivu kwa sababu wewe mwenyewe unalijua kuliko mimi. Atakuja kijana mwingine kutoka chuo kingine cha mahindi. Siku hiyo nakuomba usikae kwenye benchi la kinyozi. Simiyu hakumalizwa na goti. Alimalizwa na kuamini kwamba yeye ni ule mguu wa kushoto. Wewe umeishi miaka mingi mahali ambapo jina halisomwi, ukapiga makofi na uso umetulia. Aliyeweza hivyo ana kitu kisichokaa begani.

Sasa jambo la kurudi. Nikiondoka ukiwa katikati ya msimu, usipande ndege. Nimezungumza na baba zako wadogo wa Kimilili kwa simu. Nimewaambia Nekesa ndiye atakayetupa udongo wa kwanza. Mkubwa wao akaguna, "Mtoto wa kike, na kijana yupo?" Nikamwambia, "Njoo basi wewe umwoshe ndugu yako miguu kila asubuhi kama anavyofanya, halafu tutaongea udongo." Akauliza kama utakuwa kwenye televisheni. Nikasema huenda. Akasema basi ni sawa. Hivyo hilo limekwisha, na sina la kunisumbua huko.

Nina hili moja la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja ujasiri mwingine.

Nilipokuwa naondoka nyumbani kwenda kusomea ualimu, baba yangu, ambaye unalo jina lake, aliniita asubuhi nyuma ya nyumba. Alishika kibuyu cha maji. Kabla ya kunywa akasema, "Ile siku nilikuchapa kwa sababu ya ndama aliyenyonya maziwa yote, baadaye nilijua ni binamu yako aliyemfungua. Nilijua, na sikusema." Ndipo akatia maji mdomoni, akanitemea kifuani, akasema, "Nenda." Kwetu mzazi humbariki mtoto hivyo, na akiwa na neno alilomficha mtoto, hulitoa kwanza, la sivyo yale maji ni maji tu. Mimi kijana msomi nilikuwa na shati jipya. Nilijifuta kabla ya kufika barabarani, na kwa miaka nikawasimulia wenzangu kama kichekesho.

Wewe ulipoondoka mara ya kwanza, kule uwanja wa ndege, nilikupa mkono. Nilikupa mkono kama mkaguzi wa shule. Ulikuwa umeinama kidogo, ukingoja. Nilikuona umeinama. Mama yako akaniuliza nyumbani, "Mbona hukumtemea mtoto?" Nikasema ni mambo ya kizamani. Akasema, "Si ya kizamani. Mdomo wako umejaa."

Umejaa muda wote huo. Tangu nianze ukurasa huu nimekuwa nikiusikia ukipungua, na nashangaa jinsi mtu anavyoweza kupumua hata na moyo mbovu. Nasikia sauti yenu kule langoni sasa. Nekesa anakugombeza kwamba umenunua mifupa mitupu. Karatasi hizi nitampa akupe wageni wakishaondoka. Ukikasirika, kasirika. Usije kuniamsha kuniambia umenisamehe, nahitaji usingizi, na wewe unahitaji muda.

Lakini safari ya kesho usiiahirishe, na asubuhi, kabla ya gari la uwanja wa ndege kuja, pita hapa chumbani. Leo nimeyanywa maji yangu pole pole. Glasi iko dirishani, na chini ya mstari wa Nekesa limebaki funda moja ambalo sikuligusa, ingawa koo limekauka tangu mchana. Ukiwa bado na hasira, simama mlangoni, aga, uende. Nitalinywa mwenyewe na sitakulaumu. Ukiweza, njoo uiname hapa kwenye kiti, maana siku hizi kifua chako kiko juu sana kwangu.

Na uvae shati ambalo hutajali likilowa.

Baba yako.